Mtoto wa Pumu Aliyefundisha Dunia Kupumua

Wanachuo wenzangu, neno Pilates wengi wetu tumelikutia kwenye simu. Unaona video ya dada amelala juu ya mkeka, miguu hewani, muziki laini unapiga, halafu sauti inakuahidi kwamba ukifanya hivyo wiki mbili tumbo litakuwa bapa. Mimi nilidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni jina la mtu. Alikuwa Mjerumani, alizaliwa mwaka 1883, na jambo lililomhangaisha tangu utoto mpaka uzee halikuwa tumbo bapa. Lilikuwa pumzi.

Nilimfikia mtu huyu kwa njia ya kuzunguka. Mwaka jana tulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata. Nilikwenda kufundisha Kiswahili na Historia, lakini mnajua wenyewe mambo ya fildi: kipindi chochote kisicho na mwenyewe, mwenyewe ni wewe. Nikapewa na michezo ya kidato cha pili. Darasa lile lilikuwa na kijana mmoja mwenye pumu. Wenzake wakikimbia, yeye alikaa chini ya mwarobaini akilinda viatu na masweta. Nilimkuta hivyo na nikamwacha hivyo, wiki zote nane. Nilijiona nimemhurumia.

Siku ya kuagana alinifuata nje ya ofisi ya walimu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama na huko chuoni tunafundishwa kwamba kifua cha mtu wa pumu hakifundishiki. Nilikosa la kusema. Nikamwambia asome kwa bidii, jibu ambalo sisi walimu tunalitoa tukiwa hatuna jibu. Niliporudi chuoni nikaanza kulitafuta jibu lenyewe maktaba, na katika kutafuta ndipo nikakutana na Joseph Hubertus Pilates.

Mtoto wa Mönchengladbach

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, magharibi ya Ujerumani, mji wa viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma na mpenzi mkubwa wa jimnastiki. Mtoto wake, kwa bahati mbaya, alikuwa kinyume cha jimnastiki. Joseph mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa na magonjwa matatu kwa mpigo: pumu, matege, na homa ya baridi yabisi, ile inayoshambulia viungo na wakati mwingine moyo. Hebu piga picha. Miguu haijanyooka, viungo vinauma, na kifua kikibana usiku mtoto anakaa kitako kitandani akisubiri asubuhi.

Na wakati ule pumu haikuwa na dawa ya maana. Pampu ya kuvuta tunayoijua leo, ile ndogo inayoingia mfukoni, ilikuwa bado miaka mingi mbele. Madaktari wa Ulaya waliwapa wagonjwa kahawa kali, waliwafukiza moshi wa majani, na wengine hata sigara maalumu za pumu waliziandika kama tiba. Ndiyo, sigara kwa mgonjwa wa kifua. Tushike hilo, maana tutarudi kwenye sigara.

Juu ya maradhi akabebeshwa na jina. Pilates linakaribiana mno na Pilato, yule liwali Mrumi aliyemhukumu Yesu, na inasimuliwa kwamba watoto wenzake walimchokoza kwa jina hilo wakimwita muuaji wa Kristo. Aliyepita shule ya msingi akiwa na jina la kuchekesha au mwili wa kuchekesha anajua hapo pakoje. Mtoto dhaifu ana njia chache: ajifiche, apigane, au abadilike. Huyu alichagua mbili za mwisho.

Alianza kusoma mwili. Si kwa maana ya darasa, kwa sababu hakuwahi kusomea udaktari wala fiziotherapia. Alitazama picha za misuli na mifupa kwenye vitabu vya anatomia, kisha akarudi kwenye mwili wake mwenyewe na kujaribu kuusogeza msuli mmoja mmoja. Aliwatazama wanyama wanavyojinyoosha wakiamka. Akaingia kwenye jimnastiki ya baba yake, akaongeza ndondi, mieleka, kupiga mbizi na kuteleza kwenye theluji. Kwa masimulizi yake, alipofika umri wa miaka 14 mwili wake ulikuwa umejengeka kiasi cha kutumiwa kama kielelezo cha kuchorea michoro ya misuli. Hata ukipunguza chumvi kidogo, maana Pilates alipenda kujisimulia, linabaki jambo moja: mtoto aliyekuwa hapumui vizuri alikua akawa mtu mzima mwenye kifua kama ngoma.

Nilipofika hapo ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa mwarobaini kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya senyenge

Karibu na mwaka 1912 Pilates alihamia Uingereza. Alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 30, akijitafutia riziki kwa mwili wake: ndondi, maonyesho ya sarakasi, kufundisha watu kujihami. Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Ni vita ileile iliyotufikia huku kwetu, Waingereza na Wajerumani wakapigana Tanga mwezi Novemba mwaka huohuo, watu wetu wakabebeshwa mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Kule Uingereza, Mjerumani yeyote mwanamume akageuka adui. Pilates akakamatwa, akawekwa kwanza kambi ya Lancaster, kisha akapelekwa Knockaloe, kwenye kisiwa cha Isle of Man.

Knockaloe haikuwa gereza dogo. Ilikuwa mji wa mabanda ya mbao uliozungushiwa senyenge, na wakati wa kilele chake ulikuwa na wanaume zaidi ya 20,000. Hawakuwa askari. Walikuwa vinyozi, wapishi, mabaharia, makarani, watu waliokutwa upande usio wao siku vita ilipotangazwa. Adhabu yao kubwa ilikuwa kukaa bure. Mvua, upepo wa baharini, banda lililojaa watu, miaka minne. Waliokuwa huko walikuwa na jina la ugonjwa wa akili uliowapata watu kwa kukaa tu nyuma ya senyenge bila kazi na bila tarehe ya kutoka.

Ndani ya banda, Pilates alianza kufundisha. Aliwafundisha wenzake mazoezi ya sakafuni, yasiyohitaji kifaa wala uwanja, kwa sababu kifaa hakikuwepo na uwanja ulikuwa matope. Hapo ndipo mfumo wake ulipoanza kushika umbo: mtu alale chini, avute pumzi kwa hesabu, aitoe kwa hesabu, na kila mjongeo uendane na pumzi. Kuna na hadithi mbili zinazopenda kusimuliwa kuhusu kambi ile. Moja inasema alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili waliolala wafanye mazoezi bila kushuka. Nyingine inasema mafua makubwa ya mwaka 1918 yalipopita, hakuna hata mmoja wa wanafunzi wake aliyekufa. Hizo zichukue kama hadithi za kambini. Mwalimu wa Historia hawezi kuziandika ubaoni kama takwimu. Ila zinaonyesha watu waliomfahamu walitaka kumkumbuka kwa lipi: kwamba alimfuata mgonjwa kitandani badala ya kumwambia apone kwanza.

Chumba cha Eighth Avenue

Vita ilipokwisha akarudishwa Ujerumani. Alikaa huko miaka michache, akafundisha polisi wa Hamburg, halafu katikati ya miaka ya 1920 akapanda meli kwenda Marekani. Melini akakutana na mwanamke aliyeitwa Clara, na hawakuachana tena mpaka kifo. Walifika New York wakafungua chumba cha mazoezi kwenye mtaa wa Eighth Avenue, Manhattan, nyumba namba 939.

Bahati yao ilikuwa majirani. Eneo lile lilijaa studio za wachezaji dansi, na mchezaji dansi ni mtu anayeumia kila mwezi. George Balanchine na Martha Graham, majina makubwa kabisa ya dansi Marekani, wakawa wanawapeleka wachezaji wao kwa Joe. Watu walikuja wakichechemea, wakaondoka wakitembea. Waigizaji wakafuata, kisha wafanyabiashara, kisha matajiri wenye migongo mibovu. Wote walimkuta mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, kaptula fupi, kifua wazi, mkali kama mwalimu wa nidhamu. Zipo picha zake akifanya mazoezi nje kwenye theluji akiwa na kaptula tu, na tayari ni mzee.

Yeye hakuuita mfumo wake Pilates. Aliuita Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili. Mwaka 1934 alitoa kitabu Your Health, na mwaka 1945 akatoa Return to Life Through Contrology, ambacho kina mazoezi 34 yenye picha zake mwenyewe. Sisi wa elimu kitabu cha kwanza kinatuhusu. Ndani yake aliulaumu vikali namna watoto wanavyolelewa na kufundishwa kuhusu miili yao. Aliona shule inampokea mtoto, inamkalisha, inamkunja mgongo miaka kumi, halafu anapokuwa mtu mzima mgonjwa anatafutiwa daktari. Alitaka elimu ya kupumua na kusimama ianze utotoni. Hakusikilizwa. Madaktari wengi walimwona mtu wa sarakasi asiye na cheti, na yeye kwa kiburi chake hakujua kubembeleza. Aliingia uzeeni akiwa na uchungu kwamba dunia ilikuwa inamcheleweshea haki yake.

Kukamua pumzi

Sasa tuje kwenye pumzi yenyewe, kwa sababu ndiyo swali la yule kijana.

Mapafu hayajivuti yenyewe. Hayana msuli wa kuyapanua. Yanayofanya kazi ni misuli inayoyazunguka, na mkubwa wao ni diaframu, ule msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo kama paa la banda. Ukivuta pumzi, diaframu inashuka, misuli ya katikati ya mbavu inainua mbavu, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Ukitoa pumzi ukiwa umetulia, mapafu yanarudi yenyewe kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Mtu mwenye pumu, njia zake za hewa zinabana, hivyo hewa inapita kwa shida, hasa kutoka. Mtu mwenye mapafu yaliyochakaa hali ni mbaya zaidi: ule mvutano wa mpira umelegea, hewa inabaki ndani, kifua kinavimba, na diaframu inasukumwa chini mpaka inakuwa bapa. Msuli uliokwisha kushuka utashuka tena wapi? Unachoka haraka, na mgonjwa anaanza kupumua kwa shingo na mabega.

Alichogundua Pilates bila darubini wala maabara ni kwamba misuli hii ni misuli kama mingine. Inaweza kufundishwa. Na aligundua kwamba watu wengi wanahangaika kuingiza hewa wakati tatizo lao ni kuitoa. Alifundisha kuanza na kutoa. Mfano wake ulikuwa wa kufua: mtu ayakamue mapafu kama anavyokamua nguo iliyolowa, hewa chafu itoke yote, na hewa safi itaingia yenyewe. Zoezi la kwanza katika kitabu chake cha 1945 linaitwa The Hundred. Unalala chali, unainua kichwa na miguu kidogo, mikono imenyooka kando ya mwili inapiga juu na chini. Mapigo matano ukivuta pumzi, matano ukitoa, mpaka yafike 100. Anayeanza haruhusiwi kukimbilia 100. Anaanza na machache na kuongeza pole pole. Nimelijaribu hosteli, sakafuni, mwenzangu wa chumbani akinicheka. Nilifika 40, tumbo likagoma.

Alitengeneza hata kifaa cha pumzi peke yake. Kilikuwa kigurudumu kidogo chenye mabapa, kinachozunguka ukikipuliza kwa mrija, kama vile vya karatasi tulivyotengeneza utotoni tukakimbia navyo upepo uvizungushe. Mwanafunzi alipuliza, akatazama kinavyozunguka, akajitahidi kukizungusha muda mrefu zaidi kuliko jana. Ni kitu rahisi, lakini kama mwalimu nakivulia kofia. Pumzi haionekani. Yeye aliifanya ionekane, na kinachoonekana mtoto anaweza kukipima.

Leo hospitali zina vifaa vya namna hiyo vilivyokomaa. Mgonjwa anapewa kidude cha mkononi chenye vali inayobana, anavuta pumzi dhidi ya ukinzani. Wataalamu hupima kwanza nguvu ya juu ya misuli yake, kisha huanzia chini, mara nyingi kama theluthi moja ya nguvu hiyo, na kupandisha kadiri misuli inavyozoea. Utaratibu mmoja unaotumika sana ni pumzi 30, mara mbili kwa siku. Misuli inapata nguvu, na mgonjwa anapunguza kuhema. Ukichanganya na kutembea na mazoezi ya miguu na mikono, ambayo kwa kweli ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi, mtu aliyeshindwa kufika bombani anaweza kufika na kurudi na ndoo.

Lakini Pilates alikosea pia, na haifai kumficha. Mapafu hayakamuliki mpaka tone la mwisho. Mtu mzima mwenye afya, akitoa pumzi yote anayoweza, bado hubaki na hewa ya lita moja na kitu ndani. Na kwa mtu ambaye mapafu yake yamelegea, kukamua kwa nguvu kunaweza kuzibana njia za hewa zikajifunga, hewa ikanasa zaidi. Huyo wataalamu humfundisha kinyume chake: avute kwa pua taratibu, akunje midomo kama anayepoza chai ya moto, atoe hewa polepole, muda wa kutoa uwe karibu mara mbili ya muda wa kuvuta. Midomo iliyokunjwa inazuia hewa kidogo, na kizuizi hicho kinarudisha msukumo nyuma unaoziacha njia wazi. Bibi zetu wanaohema baada ya kupanda kilima, ukiwatazama, wengi wanafanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Pia pumu ikishapanda, hapo si saa ya mazoezi. Ni saa ya pampu, na isiposhuka ni saa ya hospitali. Mazoezi ni ya siku za kawaida, na ya kuelekezwa na mtu anayejua.

Sigara

Sehemu hii niliisoma mara mbili, sikuamini.

Joseph Pilates alivuta sigara. Sigara nene, zile za kukunja majani ya tumbaku, alizipenda, na hakuziacha. Mtu aliyepigania pumzi yake tangu utotoni, aliyeandika kuhusu hewa safi, aliyebuni kigurudumu cha kupuliza, alivuta moshi kwa raha zake. Wanafunzi wake waliliona na walilizungumza. Alikuwa na mwili ambao watu wa nusu ya umri wake waliuonea wivu, na nadhani, hii ni dhana yangu, mwili huo ulimdanganya. Ukitazama kioo ukaona kifua kama ngoma, unaamini kilichomo ndani kiko salama. Ila misuli ya kifua iko nje ya mapafu, na vifuko vya hewa viko ndani. Kioo kinaonyesha cha nje tu.

Alifariki Oktoba 1967, New York, akiwa na umri wa miaka 83. Ugonjwa uliomuua ni emfisema. Ni ugonjwa unaobomoa vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, mamilioni kwa mamilioni ya vifuko, kuta zake zikilika moja baada ya nyingine. Vikibomoka havijengeki tena. Sababu yake kubwa inajulikana, nayo ni moshi wa tumbaku. Mtoto aliyeanza maisha akihangaika kupata hewa akayamaliza akihangaika kupata hewa, na katikati aliifundisha dunia nzima kupumua.

Ningeweza kuishia hapo niseme ona unafiki wa walimu. Sitaki. Kwanza kwa sababu miaka 83 kwa mtoto wa pumu wa mwaka 1883 si haba. Pili kwa sababu kifo chake kinafundisha jambo ambalo vitabu vyake havikulisema. Misuli ya pumzi inaweza kufundishwa, na anayekataa hilo anamnyima mgonjwa haki yake. Mapafu yenyewe hayafundishiki. Hayo yanatunzwa tu. Ukiyapoteza, hakuna zoezi, hakuna mkeka, hakuna hesabu ya 100 itakayoyarudisha. Zoezi litakusaidia kutumia vizuri kilichobaki. Kwa hiyo ukiniona nakataa shisha tukishapokea bumu, usiniite mlokole. Nimesoma habari za mtu aliyekuwa na kifua kuliko mimi na wewe.

Baada ya kifo chake Clara aliendelea kufundisha, na wanafunzi wao wakatawanyika na mfumo ule miji mbalimbali. Wakaanza kugombania jina mahakamani. Mwaka 2000 mahakama ya New York ikaamua kwamba Pilates ni neno la kawaida la aina ya mazoezi, si mali ya mtu mmoja. Ndiyo maana leo yeyote mwenye simu na mkeka anaweza kulitumia. Jina lililomletea mtoto matusi shuleni limekuwa la wote, isipokuwa kile alichokihangaikia zaidi, pumzi, kwenye video nyingi kimegeuka maneno ya pembeni.

Chini ya mwarobaini

Nirudi kwa kijana wangu. Nimesema nilimhurumia. Sasa naona haikuwa huruma kamili. Ilikuwa pia uvivu. Kumweka chini ya mti kulinirahisishia mimi. Sikumuuliza kama ana pampu, anaitumia vipi, daktari alimwambia nini, au huwa anabanwa akifanya nini. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtoto kucheza. Inadai apashe mwili taratibu kabla, pampu iwe karibu na si kwenye begi lililofungiwa darasani, vumbi na baridi vikizidi apunguze, na mwalimu ajue dalili za hatari. Hayo yote yangenichukua nusu saa kuyajua. Nilikaa pale wiki nane.

Kilichoniuma si kwamba hakukimbia. Ni kwamba alikuwa amekwisha kuamini. Alikuwa na miaka 15 na alikuwa amefundishwa, na walimu akiwemo mimi, kwamba kazi ya kifua chake duniani ni kulinda viatu vya wengine. Hakuna aliyemwambia maneno hayo. Tulimfundisha kwa kumkalisha. Wenzangu wa elimu, tunasoma nadharia nyingi za ujifunzaji muhula hadi muhula, lakini hili sikulikuta kwenye mtihani wowote: mahali unapomkalisha mtoto ni somo tayari.

Mimi si tabibu na siwaambii mkageuze vipindi vya michezo kuwa wodi. Mtoto mgonjwa ana daktari wake na ushauri wa daktari unatangulia. Nasema tu kwamba kati ya kukimbia mita 100 na kukaa chini ya mti kuna mambo mengi ya kufanya, na mtu mmoja aliyefungiwa kwenye banda la mbao aliyapata bila uwanja na bila kifaa.

Mwezi wa saba tunakwenda tena fildi, na nimeomba shule ileile. Kama nitapangiwa, kijana wangu atakuwa kidato cha tatu. Nitamtafuta kabla ya kipindi cha kwanza, nimwambie kwamba swali lake lilinichukua mwaka mzima na kwamba jibu ni ndiyo, kinafundishika. Halafu nitamuuliza pampu yake iko wapi. Viatu tutaviacha chini ya mwarobaini vijilinde vyenyewe.